Elfu sita za kuangalia tu: nani akague stima ya nyumba yako?

Nairobi ukimwambia mtu kuna jamaa anatoza elfu sita aje akague stima inavyotumika kwa nyumba, asishike spana, asiuze chochote, aandike ripoti kisha ashuke ngazi aende zake, atakwambia huo ni wizi. Fundi wa mtaa si huangalia bure? Na watu wa sola si wanakuja mpaka mlangoni na "ukaguzi wa bure", wanapiga picha paa, wanauliza unanunua tokeni za pesa ngapi kwa mwezi, jioni kwotesheni iko kwa simu. Sasa huyu wa elfu sita analeta nini cha ziada? Swali ni halali kabisa, lakini niseme mapema kwamba naona wengi hawajaelewa huyo jamaa anauza nini.

Tuanze na malalamiko yenyewe. Karibu kila mtu anayetafuta mkaguzi ana shida moja, tokeni zinaisha haraka. Na wa kwanza kulaumiwa ni mita, wa pili ni Kenya Power, wa tatu ni house help na pasi. Kupima hakuna anayepima.

Kuna mama namjua huko South B, tokeni za elfu mbili zilikuwa hazimalizi wiki mbili na watoto wako boarding. Fundi wa kwanza akafungua boksi ya brekari, akatikisa kichwa, akasema waya zimezeeka, nyumba nzima ifanyiwe wayaringi upya, elfu thelathini na nane na vifaa ununue mwenyewe. Wa pili aliomba tu brekari zote zishushwe, halafu akaenda kusimama mbele ya mita na simu mkononi. Ile taa nyekundu ikaendelea kupepesa na nyumba imezimwa yote. Mita yake imeandikwa mbele 1000 imp/kWh, maana yake ikipepesa mara 1000 uniti moja imeenda, na ilikuwa inapepesa kila sekunde nne hivi, ukipiga hesabu hiyo ni kama wati 900. Jamaa akasema hizi si taa za nje, hii ni mota. Wakafuata waya kutoka kwa mita kabla haijafika kwa boksi, kumbe pampu ya kupandisha maji kwa tanki la ploti nzima inakula kwa mita ya mama mmoja. Akalipwa elfu tatu, hakubadilisha hata waya moja, na huyo mama mpaka leo akisimulia anasema elfu tatu zilikuwa nyingi kwa mtu aliyesimama tu.

Sasa, yule wa kwanza si lazima awe mwongo. Pengine waya zilikuwa zimezeeka kweli. Shida ni kwamba yeye hula kwa kuvuta waya, kwa hivyo akiangalia nyumba anaona waya, vile muuzaji wa sola akiangalia nyumba anaona paa. Ni kama daktari mwenye duka la dawa, hata akiwa mtu mzuri hutatoka kwake mikono mitupu.

Upande wa pili nao una hoja na si ndogo. Fundi anayekagua na kutengeneza ana kitu mkaguzi hana, anawajibika kwa mkono wake. Stima ikizima usiku unampigia, anakuja na tochi, ile ripoti ya PDF haiji. Halafu kuna hii hoja ya laisensi, ambayo watu wa mtaani wanaiogopa na naelewa kwa nini. Ukisema leo kwamba kukagua nyumba ni lazima uwe na cheti, kesho yule kijana wa Gikomba mwenye klampu mita, kile kifaa cha kubana waya na kupima stima inayopita, na akili timamu yuko nje, na mwenye cheti anatoza mara tatu. Na tusidanganyane, cheti chenyewe tunajua vile huenda. Sheria inataka waya za nyumba zifungwe na fundi mwenye laisensi ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati, na atie sahihi kwenye karatasi ya wayaringi kabla hujaunganishwa stima, lakini ni nani Nairobi hajasikia habari ya sahihi ya kununua, aliyevuta waya ni mwingine na aliyetia sahihi hajawahi kuiona hiyo nyumba? Kwa hivyo anayesema laisensi haileti ukweli yenyewe kama yenyewe, mimi namkubalia bila kubishana.

Mahali tunaachana ni pale anapofikiria kwamba laisensi ndiyo jambo lenyewe. Marekani wamebishana sana juu ya wakaguzi wa nyumba, wale wanaolipwa na mnunuzi kabla hajanunua. Kuna chama chao kinaitwa ASHI, kilianzishwa 1976, na viwango vyake vinasema ukaguzi ni wa kuangalia kwa macho yale yanayofikika, mambo ya matumizi ya nishati hayamo kwa ukaguzi wa kawaida, hiyo ni kazi nyingine ya mtu mwingine mwenye vifaa vyake. Ila kwenye maadili yao kuna sharti naona lina uzito kuliko mengine yote: ukishakagua nyumba, huruhusiwi kulipwa kutengeneza yale uliyokagua kwa mwaka mmoja. Sasa chukua jimbo la California. Serikali ya jimbo haitoi laisensi ya mkaguzi wa nyumba kabisa, lakini sheria yao inamkataza mkaguzi kufanya ripea kwa malipo kwa nyumba aliyoikagua ndani ya miezi 12. Yaani wameacha cheti na kushika hilo la kutenganisha mfuko wa anayepima na mfuko wa anayeuza. Hapo ndipo naona sisi tunakosea mjadala, tunagombania karatasi na jambo kubwa liko kwa mfuko.

Vifaa vyao na hesabu zao lakini usivilete hapa jinsi vilivyo. Kule mkaguzi wa nishati anafunga feni kubwa mlangoni kuona hewa inavujia wapi, kwa sababu bili yao kubwa ni ya kupasha nyumba joto wakati wa baridi au kuipoza wakati wa joto. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hatuna hita za kuchoma msimu mzima na hatuna AC kwa nyumba nyingi, Julai tunavaa sweta na maisha yanaendelea. Stima yetu inaishia kwa maji ya moto, friji kuukuu, pampu, na waya zilizounganishwa vibaya.

Na kwa maji ya moto naomba nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo hiyo elfu sita inarudi ama hairudi. Ile shawa ya papo hapo iliyo karibu kila flati hapa mjini huvuta kama kilowati 5.5 ikiwa imewekwa juu kabisa. Dakika kumi ni kama uniti 0.9. Familia ya watu wanne, kila mmoja dakika kumi kwa siku, ni uniti 3.7 hivi, na kwa mwezi ni 110. Kitu kimoja hicho, hujawasha taa bado, hujagusa friji.

Sasa weka hiyo 110 kando ya madaraja ya bei. Tangu Aprili 2023 wateja wa nyumbani wako kwa madaraja matatu, mpaka uniti 30, juu ya 30 mpaka 100, na juu ya 100, na daraja lako linaangaliwa kwa wastani wa miezi mitatu. Bei ya msingi ilipotangazwa ilikuwa 12.22, 16.30 na 20.97 kwa uniti, kabla ya gharama ya mafuta, forex, VAT ya asilimia 16 na hayo mengine. Watu wengi hawajakaa na hii hesabu. Ukivuka 100 unalipa bei ya juu kwa uniti zote, mpaka ile ya kuchaji simu. Chukua nyumba ya uniti 130 kwa mwezi, kwa hizo bei za 2023 msingi wake ni karibu 2,726. Ishushe mpaka 95, msingi unakuwa karibu 1,549. Umepunguza uniti kwa asilimia 27 lakini pesa ya msingi imeshuka kwa 43. Hiyo ni kama 1,180 kila mwezi na bado hujaweka kodi juu yake, na imetoka kwa nini? Kwa mtu kukuonyesha kwamba ile swichi ya shawa ina hatua ya chini na kwamba dakika tano zinatosha. Hakuna kilichouzwa. Na ndiyo maana muuzaji hatakuja kukwambia, hapo hana kitu cha kukuandikia kwotesheni.

Nikigeuza hesabu upande wa pili ni lazima niseme hivi: nyumba ya uniti 50 kwa mwezi haina haja na mkaguzi wa elfu sita, itachukua miaka kurudisha hiyo pesa kama itarudi. Hapo wanaosema ni wizi wako sawa. Bedsitter ya Roysambu yenye balbu mbili na tivii mwenyewe anaweza kushusha brekari na kuangalia taa ya mita, basi.

Kisheria hapa kwetu ukaguzi wa nishati upo tangu kanuni za 2012, lakini ni wa wakubwa. Jengo au kiwanda kinachotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka kinatakiwa kukaguliwa kila miaka mitatu na mkaguzi mwenye laisensi, na kutekeleza angalau nusu ya akiba iliyoonekana. Hiyo sehemu ya nusu naipenda, ripoti haiishii kwa droo. Nyumba ya mtu haifiki huko hata kwa ndoto, na bodi ya wakaguzi wa nyumba kama ile ya wahandisi au wapima thamani haipo. Mwaka huohuo wa 2012 zikaja kanuni za sola ya kupasha maji, zilizotaka jengo linalotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku liweke sola ya kubeba asilimia 60 ya hitaji. Matokeo yake pandeni juu ya maghorofa ya Kileleshwa mjionee, matanki yamepangwa vizuri tu, mengine yana maji ya uvuguvugu na mengine valvu zilifungwa zamani, na chini kwa kila bafu kuna shawa ya papo hapo. Kifaa kiliwekwa kwa sababu kuna mtu wa kukiuza, mtu wa kurudi kupima kama kinafanya kazi hakuwekwa.

Linalonisumbua zaidi ni mpangaji, na Nairobi wengi wetu ni wapangaji. Shawa ameweka landilodi kwa sababu ni rahisi kununua, tokeni analipa mpangaji. Uingereza na Wales wamejaribu kulikata hilo, nyumba ya kupangishwa inatakiwa kuwa na cheti cha nishati chenye daraja A mpaka G na mpangaji akione kabla, na tangu Aprili 2018 nyumba iliyo chini ya E haipewi mpangaji mpya isipokuwa kwa misamaha iliyowekwa. Mwenye nyumba ndiye anayelipia. Hapa kwetu ukimwambia landilodi hivyo atakuonyesha geti, na hata ikipitishwa naona vizuri kabisa vile cheti feki cha daraja A kitakuwa kinauzwa River Road kabla wiki haijaisha.

Kwa hivyo mimi singeanza na sheria. Flati ya nyumba ishirini ikichanga mia tano kila mlango inamleta mkaguzi siku nzima, na elfu kumi kwa siku si kazi ya kukataa. Kwa karatasi ya makubaliano waandike kwamba kwa miezi 12 huyo mtu hatauza kitu wala kutengeneza kitu kwa hilo jengo, yeye wala kampuni ya shemeji yake. Na ripoti itoe namba za kila mita: brekari zikiwa chini ilisoma nini, shawa inavuta wati ngapi, nyumba iko daraja gani na imebakisha uniti ngapi ishuke. Sola wakija na ukaguzi wao wa bure waje tu, wapewe hiyo ripoti mkononi waambiwe wapige kwotesheni wakianzia hapo. Na mafundi watapata kazi kama kawaida, tena kazi ya kueleweka. Kikwazo pekee nakiona kwa landilodi, maana kwa ploti kama ile ya South B ripoti ya kwanza itamkuta yeye na pampu yake.