Nani alipie kuhesabu samaki wa Rufiji?

Bwawa la Julius Nyerere, kwenye Mto Rufiji, lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na Februari 2024 umeme wa mtambo wake wa kwanza ukaingia kwenye gridi ya taifa. Mitambo yake yote tisa ina uwezo wa megawati 2,115, na kila megawati inayotoka inapimwa. Samaki wa mto huohuo wametegemea zaidi miradi ya muda. Mmoja ulianza mwaka 1998 kwa fedha za Uholanzi, ukashughulikia misitu, ardhioevu na uvuvi wa bonde la chini, kisha ukafungwa 2003. Hesabu ya miaka mitano iliyofanyika miaka 20 kabla ya bwawa haiwezi, peke yake, kutuambia bwawa limefanya nini.

Na kuna mengi ya kujua. Chini ya bwawa, mto ulizoea kufurika wakati wa masika na kumwaga maji katika maziwa madogo ya bondeni kama Zumbi na Ruwe. Samaki waliingia na maji hayo, wakazaliana kwenye majani yaliyofunikwa, na makinda yakakulia humo. Bwawa linabadilisha kiasi cha maji na majira yake. Anayeguswa kwanza ni perege wa asili wa bonde hili, Oreochromis urolepis, ambaye watu wanamla. Yupo pia Hydrocynus tanzaniae, samaki mwenye meno makali ambaye wanasayansi walimpa jina la nchi yetu mwaka 1986. Huyo hayupo nje ya mito michache ya mashariki mwa Tanzania.

Wanaopinga kutenga fedha za kuwahesabu samaki hawa wana hoja, na si za kupuuzwa. TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1980, inabeba bahari na maziwa yote makubwa. Huko ndiko iliko sehemu kubwa ya samaki wanaovuliwa na mapato yanayokusanywa. Kuipa na mito ni kuitandaza mno. Heri fedha hizo zinunue vifaranga vya samaki, zichimbe mabwawa ya kufugia, zilipe doria dhidi ya nyavu haramu.

Hoja yao nzito kuliko zote ni furu wa Ziwa Victoria. Watafiti wa chuo kikuu cha Leiden walikuwa wakiwahesabu katika Ghuba ya Mwanza tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Sangara, samaki mkubwa anayekula wenzake, alipolipuka miaka ya 1980, aina nyingi za furu zilitoweka watafiti wakiwa na daftari mkononi. Hesabu ilikuwepo, nzuri kabisa, na haikumwokoa hata furu mmoja.

Nimeitafakari sana hoja hiyo, na nadhani inatufundisha jambo tofauti na wanalolisema. Sangara alikuwa amepandikizwa ziwani tangu miaka ya 1950, na waliokuwa wakihesabu hawakuwa na kitu cha kufungua wala kufunga. Rufiji ina milango ya bwawa. Anayeiendesha anaweza kuamua maji mengi yatoke mwezi gani, kwa siku ngapi. Takwimu za samaki zikifika mezani kwake kabla ya masika, zinaweza kubadilisha kinachotokea mtoni. Zisipofika, au zikifika bila mtu kulazimika kuzisoma, basi nakubaliana na wapinzani: fedha ziende kwenye doria.

Kuhusu vifaranga, hapo sikubaliani nao. Sato wa Mto Nile ameshasambaa katika mito na mabwawa mengi ya nchi hii yaliyo nje ya kwao, na anazaana na perege wetu wa asili hadi chotara wanapatikana. Kupandikiza samaki mtoni bila kujua walioko ni akina nani kunaweza kummaliza yuleyule tunayedai kumwongeza. Ukimwangalia chotara kwa macho tu unaweza kudhani ni perege safi, kwa hiyo hata doria hodari haitamgundua.

Sasa, nani alipe? Mfano unaotajwa sana ni wa Mto Colorado nchini Marekani. Bwawa la Glen Canyon lilifungwa milango mwaka 1963, na maji yaliyotolewa kutoka kina kirefu yakaufanya mto kuwa baridi. Mwaka 1992 ikapitishwa sheria iliyotaka bonde la chini lifuatiliwe kwa muda mrefu, na mapato ya umeme ndiyo yamekuwa mhimili wa gharama hizo. Samaki mmoja wa asili mwenye nundu, Gila cypha, aliyekuwa kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka tangu 1967, alishushwa daraja la hatari mwaka 2021. Kilichowapa ujasiri wa kufanya hivyo ni hesabu za miaka mingi.

Lakini mfano huo una tundu, na wanaoupenda hawalitaji. Ukame ulipolipunguza Ziwa Powell, lililo nyuma ya bwawa hilo, maji ya vuguvugu ya juu yalishuka hadi kwenye midomo ya mitambo, na samaki wageni walao wenzao wakapita nayo. Mwaka 2022 walikutwa wakizaliana chini ya bwawa. Waligunduliwa mapema kwa sababu timu za kuhesabu zilikuwepo. Ukame huohuo, hata hivyo, ulipunguza umeme, na umeme ukipungua mfuko unaolipa timu hizo unakauka. Yaani fedha zinaadimika mwaka ule hasa ambao samaki wanahitaji kuangaliwa kuliko mwaka mwingine wowote.

Kwa Rufiji, kwa hiyo, tozo ya umeme peke yake haitoshi. Ningependa mfuko unaowekewa akiba miaka ya mvua na kutumika miaka ya kiangazi, nje ya bajeti ya mwaka. Wachangie pia wenye vibali vikubwa vya maji huko juu, kwa sababu Ruaha Mkuu, mto unaoingia Rufiji, umekuwa ukikauka kiangazi tangu miaka ya 1990, na kilimo cha umwagiliaji cha Usangu kina mkono wake katika hilo. Mvuvi wa bonde la chini asitozwe. Yeye tayari anaubeba mzigo wa mabadiliko hayo.

Hofu inayobaki ni ya mlipaji kutawala majibu. Ni hofu halali. Shirika linalouza umeme halipendi kuambiwa liachie maji. Ndiyo maana mkataba wa kuhesabu usiwe mikononi mwake, uwe wa TAFIRI na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, na takwimu ziwekwe wazi kila mwaka. Gharama yenyewe si ya kutisha: nyavu zilezile, maeneo yaleyale, miezi ileile, wavuvi wanaolipwa kuandika wanachovua mialoni, na vipimo vya vinasaba kila baada ya miaka michache ili kujua perege amebaki kiasi gani. Mwaka wa kwanza hautatuambia mengi, na mbunge atakayeuliza matokeo baada ya miezi 12 ajibiwe hivyo bila kufichwa.