Bunduki za polisi wa Portland State: walichodai wanafunzi, walichojibu askari

Usiku wa kuamkia Ijumaa, 29 Juni 2018, ugomvi ulizuka nje ya baa moja kando ya Chuo Kikuu cha Portland State, jimboni Oregon, Marekani. Jason Washington, mfanyakazi wa posta mwenye umri wa miaka 45 na askari wa zamani wa jeshi la majini, aliingia katikati kuamulia. Alikuwa na bastola ya rafiki yake, aliyoichukua ili amtunzie, na kibali cha kubeba silaha alikuwa nacho. Katika purukushani ile akaanguka, bastola ikachomoka, akainama kuiokota. Askari wawili wa polisi wa chuo, waliokuwa wameshafika, wakampigia kelele aiache, kisha wakafyatua. Zilipigwa risasi 17. Washington hakupona.

Ukiitazama video ya kamera za vifuani mwa askari wale, kinachoumiza ni jinsi mambo yalivyokwenda mbio. Mtu anayejaribu kutuliza vurugu na mtu anayetaka kuua wanafanana kabisa kwa sekunde zile, na askari mwenye kidole kwenye kifyatulio hana muda wa kuwatofautisha.

Miaka mitatu kabla ya usiku huo, chuo hicho hakikuwa na askari hata mmoja mwenye bunduki. Kilikuwa na walinzi wa kawaida, na jambo likizidi wakiitwa polisi wa jiji. Mwishoni mwa 2014 bodi ya wadhamini ikapitisha uamuzi wa kuwa na polisi kamili, na mwaka 2015 wakaanza kubeba silaha. Hoja za uongozi hazikuwa za ovyo. Portland State haina ukuta wala geti. Imekaa katikati ya mji, treni ndogo ya mjini inapita kati ya majengo yake, na bustani ya katikati ya chuo ni njia ya yeyote yule. Walinzi hawakuwa na mamlaka yote ya polisi, na polisi wa jiji wana mji mzima wa kushughulikia. Bora basi, walisema, tuwe na askari wetu, tuwafunze wenyewe, wawajue wanafunzi kwa sura.

Wanafunzi walipinga tangu siku ya kwanza, na baadhi ya walimu wakawaunga mkono. Hofu yao ilikuwa moja: bunduki ikishakuwepo kwenye doria, siku moja itatumika, na atakayekufa huenda akawa mtu mweusi au mgonjwa wa akili. Washington alikuwa mweusi. Alikuwa mtu wa kwanza kuuawa na polisi wa chuo hicho.

Septemba mwaka huohuo jopo la raia linaloamua kama mtu ashtakiwe lilikataa kuwashtaki askari wale wawili. Wanafunzi wa vuguvugu la Disarm PSU, yaani “Ivueni silaha Portland State”, wakapiga kambi nje ya ofisi ya usalama wa chuo. Madai yao ningeyaandika kwenye kiganja: askari wavuliwe silaha, wahusika waondolewe, jina la Washington likumbukwe. Chuo baadaye kililipa familia dola milioni 1 kumaliza kesi ya madai. Bunduki zikabaki viunoni.

Hapa ndipo watu wengi husimulia habari hii kana kwamba askari ni ukuta mmoja usio na masikio. Si kweli, na kwangu upande huu ndio wenye mafunzo zaidi. Mwaka 2020 ofisi ya polisi wa chuo ilipata mkuu mpya, Willie Halliburton, mweusi. Alikutana na mjane wa Washington. Agosti mwaka huo, miezi michache baada ya George Floyd, mtu mweusi, kuuawa na polisi mjini Minneapolis, ni yeye aliyetangaza kwamba askari wake watafanya doria bila bunduki. Bunduki zingefungiwa ofisini, zichukuliwe pale tu hatari inapojulikana. Utekelezaji ulisuasua karibu mwaka mzima hadi Septemba 2021, lakini ulifika. Kwa wanafunzi waliolala nje ya ofisi ule ulikuwa ushindi mkubwa, na haukuletwa na mahakama wala bunge. Uliletwa na askari aliyekubali kusikiliza.

Kisha, Februari 2023, askari wakarudi doria na bunduki. Mkuu alikuwa yuleyule. Sababu iliyotolewa ni kwamba matukio ya watu wenye silaha ndani na kando ya chuo yalikuwa yameongezeka, na kumpeleka askari mikono mitupu ni kumhatarisha yeye na anayekwenda kumsaidia.

Mimi siwezi kuibeza hoja hiyo. Anayedai askari avuliwe silaha adai pia, kwa nguvu ileile, yule atakayekwenda badala yake: mshauri wa afya ya akili anayefanya kazi usiku, mlinzi aliyefunzwa kuamulia, simu inayopokelewa saa nane za usiku. Bila hayo, askari anaachiwa mzigo uleule huku amepunguziwa kinga, na hofu yake ni ya haki. Ni mzazi wa mtu naye, anataka kurudi nyumbani.

Lakini jinsi lilivyofanyika ndipo ninaposimama na wanafunzi bila kusita. Uamuzi ulianza kutekelezwa Februari, jumuiya ya chuo ikaja kutangaziwa Aprili. Jambo lililodaiwa kwa miaka, lililogharimu uhai wa mtu, lililotangazwa kwa sauti kubwa mwaka 2020, likageuzwa kimyakimya. Kama ushahidi wa hatari ulikuwepo, kwa nini usiwekwe mezani kwanza, wanafunzi wakaitwa, wakaulizwa na wao? Mwanafunzi aliyefichwa jambo hili ataamini vipi takwimu za usalama atakazosomewa kesho?

Askari wa vyuo vingine wamewahi kujibu vibaya zaidi. Chuo Kikuu cha Yale, chenye polisi tangu 1894 na ndicho cha kwanza Marekani kuwa nao, kiliona ajabu Agosti 2023. Siku wanafunzi wapya walipokuwa wakihamia mabwenini, chama cha wafanyakazi cha polisi hao kiliwagawia vipeperushi vyenye picha ya fuvu la mauti, vikiwaonya wasitoke nje baada ya saa mbili usiku. Chama kilikuwa kwenye mazungumzo ya mkataba na chuo. Kudai mshahara ni haki yao, lakini kumtisha kijana wa miaka 18 aliyeshika mto na sanduku ili mwajiri wako alegee ni kuvunja kazi yenyewe uliyoapa kuifanya.

Na kuna gharama inayomrudia askari. Novemba 2011, Chuo Kikuu cha California kule Davis, luteni mmoja wa polisi wa chuo aliwapulizia dawa ya pilipili wanafunzi waliokuwa wameketi chini kwa amani wakati mahema ya maandamano yao yakiondolewa, akipita mbele yao kama mtu anayemwagilia maua. Wanafunzi 21 walilipwa dola 30,000 kila mmoja. Luteni alifukuzwa kazi, akapokea vitisho vingi, na baadaye akalipwa fidia ya zaidi ya dola 38,000 kwa madhara ya kiakili. Wengi walikasirika kwamba alilipwa zaidi ya waliopuliziwa. Hasira hiyo naielewa. Ila wakubwa waliotaka mahema yale yaondolewe siku ile hawakushika kopo la pilipili mikononi mwao, na picha iliyoenea dunia nzima haikuwa ya kwao.

Sisi wa huku Afrika Mashariki tunaisoma habari hii kwa jicho jingine. Askari wa chuo tunayemjua ni yule wa getini mwenye koti zito, tochi, rungu na daftari la wageni. Tukisema polisi na wanafunzi tunawaza kikosi kinacholetwa kutoka nje ya chuo. Kenya, Februari 2018, kiongozi wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Meru, Evans Njoroge, aliuawa kwa risasi wakati wa maandamano yaliyohusu karo, na Septemba 2017 polisi walivamia Chuo Kikuu cha Nairobi wakawapiga wanafunzi hadi madarasani. Kwa hiyo hoja ya viongozi wa Portland, kwamba askari wa nyumbani ni bora kuliko anayeletwa na lori, haiwezi kuchekwa na mtu wa Nairobi.

Hoja hiyo ilipata mtihani Mei 2024, pale waandamanaji wa kuitetea Palestina walipokuwa wameishikilia maktaba ya Portland State kwa siku kadhaa. Waliokwenda kuwaondoa ni polisi wa jiji, kwa ombi la chuo. Mwanafunzi wa Disarm PSU anaweza kuuliza: kama jambo kubwa likija wanaitwa wa nje, hizi bunduki za ndani ni za nini? Askari wa chuo anaweza kujibu kwamba yeye ndiye anayeitikia simu ndogondogo za kila usiku, zile zisizofika kwenye habari, na kwamba hajui ipi kati ya hizo itakuwa na bastola.

Majibu yote mawili yangepimika kama chuo kingetoa, kila mwezi, orodha ya simu zilizopigwa, nani alikwenda, alikuwa na nini mkononi na mambo yaliishaje. Hilo halihitaji bunge wala fedha nyingi, na chuo kingeanza na miezi ile miwili ya 2023, kati ya Februari na Aprili.