Matairi ya Shemeji

Gari langu ni Subaru Impreza WRX, mtumba wa Japani, na kwa linavyonguruma, majirani hujua nimefika kabla sijavuka geti. Shida ya gari la mbio ni kwamba halijui mwenyewe ana mshahara gani. Matairi yalipobaki kipara niliulizia mapya kwenye duka moja la Industrial Area, Nairobi. Muuzaji akaitaja bei polepole, kama daktari anayetoa habari za msiba. Nikamshukuru, nikatoka bila kugeuka.

Ndipo shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akajitosa. Huyu hanunui hata kiberiti bila kupatana.

"Nunua mawili tu, shemeji. Ya mbele. Si injini iko mbele?"

Nikamweleza kwamba Subaru hii inasukumwa na magurudumu yote manne. Ukichanganya matairi mapya na yaliyolika, mzingo unatofautiana, na difrensha ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, inateseka safari nzima. Akafikiri kidogo.

"Basi manne. Lakini twende Kirinyaga Road, kwenye vipuri."

Broka alitudaka kabla hatujazima injini. Sikuwa mjinga, nilikuwa nimejisomea. 215/45R17: upana milimita 215, kimo cha ubavu asilimia 45 ya upana huo, rimu ya inchi 17. Halafu zile tarakimu nne za mwisho za DOT, namba ya kiwandani iliyopigwa ubavuni, ambazo ni wiki na mwaka tairi lilipotengenezwa. Nikapiga magoti kando ya mtaro nikasoma: 4019.

"Hiyo ndiyo bei ya kiwandani, mkubwa," muuzaji akasema. "Mimi naongeza ya usafiri tu."

Nikamwambia hiyo ni wiki ya 40, mwaka 2019, kwa hiyo wakati huo hata miaka mitatu yalikuwa hayajatimiza. Shemeji akanitazama kwa heshima ambayo sijaiona tangu siku nilipolipa mahari.

Na yalikuwa mazuri, tena mazuri ya kutia shaka. Meno marefu, yaliyochanjwa vijistari vyembamba kila mahali. Mpira laini, ukiubonyeza kwa kucha unaitikia. Ubavu unang'aa weusi na kunukia kiwi ya viatu. "Ulaini huu ndio unashika lami," shemeji akatamka, kana kwamba amesomea. Akapatana mpaka bei ikashuka chini ya nusu ya ile ya Industrial Area, na soda mbili juu.

Ilikuwa Februari, jua linachoma utosi. Kona ya kwanza, gari liliinama, likatafakari, ndipo likakata. Waiyaki Way, nikiwa 90, usukani ukaanza kuelea mikononi. Nikapunguza. Probox iliyosheheni vitunguu ikanipita, na dereva wake akanipigia honi fupi ya pole.

"Ni mageni," shemeji akasema. "Yanazoea barabara."

Yalichozoea ni kulika. Siku moja kijana wa kuosha magari akausugua ubavu kwa brashi na sabuni mpaka kiwi yote ikatoka. Akainuka, akaniita.

"Mzee, hii gari unaendanga nayo Ulaya?"

Pale palikuwa na picha ya mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji. Kando, kwa herufi kubwa: STUDLESS, yaani ya theluji yasiyo na misumari. Na baada ya 87, namba ya uzito ambao tairi linabeba, huja herufi ya mwendo wake wa juu kabisa; mahali pa W ya kilomita 270 kwa saa, kulikuwa na Q. Yaani 160.

Matairi ya theluji! Mpira wake hutengenezwa usikakamae kwenye baridi ya chini ya nyuzi 7 hivi. Nairobi hata Julai, tukivaa makoti mawili na kulalamika, ni nadra kufika huko. Kwenye lami ya Februari mpira huo unalegea tu.

Shemeji hakutikisika. "160 inakutosha! Sheria ya Kenya ni 110. W ya nini?"

Kwa hesabu tupu alinibana, maana kwenye foleni ya Thika Road hata tairi la mkokoteni lingefaa. Ila herufi hiyo haipimi mbio peke yake. Tairi la kustahimili 270 limeundwa livumilie joto, na Februari ile joto lilikuwepo. Mwishowe nilinunua mapya yenye W, ya kampuni isiyo na jina kubwa. Nilipunguza jina, si herufi, na mfuko ukapona.

Yale ya theluji yakajaa kwenye roshani. Mke wangu akasema ama yaondoke, ama kaka yake asile tena pale. Jioni hiyohiyo shemeji akayatangaza matairi kwenye simu, kwa lugha ya mtaani: "Taya za Japani."

Mtu wa Kinangop, nyanda za juu ambako kuna asubuhi umande huganda kwenye nyasi, akapiga simu. Naye ana Subaru, rimu ileile. Akauliza swali moja: je, hizi taya zitaweza baridi ya huku?

Shemeji akasimama wima, akaweka mkono kifuani, na kwa mara ya kwanza katika biashara zake akasema kweli tupu.

"Mkubwa, hizi zimeundiwa barafu."

Pesa zikaingia kwa M-Pesa usiku uleule, kwenye simu yake. Alinitumia zangu kesho yake, akiwa ameshakata kamisheni ya broka.