Tipu za mlimani na hati ya mshahara

Kila Desemba tukikusanyika kwa mjomba, Kibosho, ugomvi ni uleule. Akishafika kikombe cha pili cha mbege, pombe yetu ya ndizi, anauliza: kati ya binti yake, mfamasia wa hospitali ya serikali, na kaka yangu anayepandisha wageni Mlima Kilimanjaro, nani kafanikiwa? Mwaka jana kaka alikuja na gari lake, Noah. Binamu, yaani huyo binti, alishuka kwenye daladala ya Hiace, kavikwa vumbi kutoka kichwani hadi viatuni. Mjomba akaona kesi imekwisha.

Hesabu kwanza, maana mjomba hakosei sana. Chukua mtumishi wa umma mwenye mshahara wa shilingi 1,500,000 kwa mwezi. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inakata asilimia 5, yaani 75,000. Kodi ya mapato inafuata, na kwa kuwa kila shilingi inayozidi milioni moja inakatwa asilimia 30, zinaondoka 255,500. Bima ya afya, asilimia 3: 45,000. Kama alisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15, nayo ni 225,000. Mkononi zinabaki 899,500, na hapo mwenye nyumba hajabisha hodi.

Kaka je? Tuseme kila kundi la njia ya Machame linamwachia dola 150 za tipu, bakshishi ya wageni, naye anapanda mara mbili kwa mwezi. Dola ikiwa shilingi 2,500, hiyo ni 750,000 kabla ya malipo ya kampuni, na hakuna Bodi inayomsubiri. Niliwahi kumpokea geti la Mweka akishuka. Alikaa juu ya ndoo, akavua buti, akanionyesha ukucha wa kidole gumba ulioiva mweusi kama zambarau, huku mkono wa pili ukipapasa bahasha mfukoni. Alikuwa anacheka.

Ila mjomba anahesabu Julai na Desemba tu. Aprili na Mei masika hufunga mlima kwa mawingu na wageni huadimika. Mwaka 2020 korona iliposimamisha ndege, kaka aliuza mitumba soko la Memorial, Moshi, miezi kadhaa, wakati mshahara wa binamu uliingia kama kawaida. Magoti nayo hayana pensheni, labda ujichangie mwenyewe kwenye mfuko wa NSSF, na wangapi hufanya hivyo?

Hata hivyo, kupanga hospitali upande huu na mlima upande ule kunatupotosha. Waliopanda na kaka kama wagumu, yaani wabeba mizigo, kilo 20 begani, ni wengi, na wengi bado ni wagumu. Yeye alitembea na daftari la Kijerumani, akajifunza pia kumtazama mgeni usoni pale kambi ya Kibo, mita 4,720, na kujua huyu kazidiwa na mwinuko, ashushwe usiku huuhuu hata kama amelipia kilele. Leo wageni wanamwomba kwa jina. Wanacholipia ni hicho, kwa sababu wenye nacho ni wachache. Arusha ni vivyo hivyo: vijana wenye shahada ya uhasibu wamejaa, lakini aliyefaulu CPA, mtihani wa juu wa bodi ya wahasibu NBAA, hutafutwa. Na mkalimani wa Kifaransa na Kiingereza katika mji wenye makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika hakai kijiweni. (Kuna watakaonitajia mchimbaji Saniniu Laizer na mawe yake ya tanzanite ya shilingi bilioni 7.7 mwaka 2020. Sawa, lakini wahesabuni na wanaapolo, wachimbaji wadogo, waliotoka migodi ya Mirerani mikono mitupu.)

Mimi, kwa kijana asiye na akiba wala shamba, ningeelemea kwa binamu, japo najua nikisema hivyo kwa mjomba nitanyimwa mbege.

Aprili mwaka huu Noah iliharibika injini, na wageni hakuna. Kaka akaenda kukopa, wakamtaka mdhamini mwenye hati ya mshahara. Alimpigia binamu saa mbili usiku. Binamu akamwambia, "Kaka, njoo kesho kabla sijaingia zamu, nitasaini." Akasaini, na mjomba hajaambiwa.