Ndege iliyotua Sellersburg: fedha, tetesi na kiti cha kocha Auburn

Alhamisi ya Novemba 20, 2003, ndege ya binafsi ilitua kwenye kiwanja kidogo cha Sellersburg, jimbo la Indiana, Marekani, ng'ambo ya mto kutoka jiji la Louisville. Alishuka William Walker, rais wa Chuo Kikuu cha Auburn kilichopo jimbo la Alabama, na wenzake: mkurugenzi wa michezo David Housel na wajumbe wawili wa bodi ya wadhamini. Walikwenda kumpima Bobby Petrino, kocha wa Chuo Kikuu cha Louisville, kama yuko tayari kuinoa timu yao ya futiboli ya Kimarekani. Kasoro ni moja tu: timu ilikuwa na kocha. Tommy Tuberville alikuwa anaiandaa kwa mechi ya mahasimu dhidi ya Chuo Kikuu cha Alabama, zimebaki siku mbili. Petrino mwenyewe alikuwa msaidizi wake msimu mmoja tu nyuma.

Auburn ikashinda 28-23. Habari ya safari ikavuja, Walker akaomba radhi hadharani, na Januari 2004 aliyeondoka ni yeye, si kocha. Msimu uliofuata Tuberville akashinda mechi zote 13.

Ndege ile ilihusishwa na Colonial Bank, benki ya Bobby Lowder. Lowder alikuwa mjumbe wa bodi na mfadhili mkubwa wa michezo chuoni hapo. Hakuwamo ndani ya ndege, lakini mpaka leo kisa kikisimuliwa jina lake linatangulia. Wengi waliamini kwamba rais wa chuo alikuwa abiria na nahodha alikuwa mtu mwingine.

Tuwe waadilifu kwa wafadhili. Mshahara wa kocha mkubwa huko ni mamilioni ya dola kwa mwaka, na akifukuzwa kabla ya mkataba kuisha anadai fidia. Auburn ilipomtimua Gus Malzahn Desemba 2020, deni lilikuwa dola milioni 21.45. Fedha kama hizo hazikai kwenye droo ya mhasibu wa chuo. Inabidi simu ipigwe, na anayepigiwa simu atataka kujua anayefuata ni nani. Ningekuwa mimi, ningeuliza. Tena tangu 2021, wachezaji waliporuhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, makundi ya wafadhili yamekuwa yakichangisha malipo hayo. Kocha asiyekubalika kwao anaweza kufika kazini akakuta kapu tupu.

Kwa hiyo hoja kwamba wenye fedha wakae kando, chuo kichague peke yake, naiona ya kinadharia mno. Mtu akitoa fedha waziwazi, sina ugomvi naye. T. Boone Pickens, tajiri wa mafuta, aliwapa chuo kikuu cha Oklahoma State dola milioni 165 kwa mkupuo mwaka 2006, na uwanja unaitwa kwa jina lake. Ukitaka kumlaumu, unajua pa kuanzia. Shida ni wale wa Auburn na kwingineko ambao sauti zao zinasikika ndani ya chumba ilhali viti vyao havionekani.

Hapo ndipo tetesi zinapopata soko. Si kwamba mashabiki wanapenda umbea, ingawa wanaupenda. Kauli rasmi zimepoteza thamani. Desemba 21, 2006, Nick Saban, wakati huo kocha wa timu ya kulipwa ya Miami Dolphins, alisema hatakuwa kocha wa Alabama. Januari 3 ikatangazwa kwamba ndiye kocha wa Alabama. Baada ya hapo, kocha akikanusha, shabiki anaanza kufunga virago kwa niaba yake. Mawakala nao hawana haraka ya kuzima uvumi, maana jina la mteja likitajwa kwingine, mwajiri wake wa sasa huongeza mshahara.

Lakini tetesi hazina breki. Baada ya Malzahn, ilivuma kwamba kundi la wafadhili limeshampanga msaidizi wake, Kevin Steele. Mashabiki wakachachamaa, na kazi akapewa Bryan Harsin kutoka chuo kikuu cha Boise State, mgeni kabisa katika ukanda ule. Kama uvumi ulikuwa wa kweli, umma ulizuia njama. Kama ulikuwa wa uongo, Steele alifungiwa mlango kwa kosa ambalo si lake. Hakuna namna ya kuhakiki, na hilo ndilo linalonikera kuliko yote.

Harsin naye yakamkuta. Februari 2022, baada ya msimu wa ushindi 6 na vipigo 7, huku wachezaji na wasaidizi kadhaa wakiwa wameondoka, chuo kilisema kinachunguza hali ya timu. Mtandaoni zikazagaa habari za maisha yake binafsi, zisizo na ushahidi. Alizikana kwa hasira, akabakishwa, kisha Oktoba 31 mwaka huohuo akafukuzwa, na fidia ikapita dola milioni 15. Mwaka 2003 uvumi ulifichua ukweli uliofichwa na wakubwa; safari hii ulimchafua mtu ambaye kosa lake la wazi lilikuwa kufungwa.

Pendekezo langu ni dogo. Chuo cha umma kikilipa fidia kwa fedha za michango, kitangaze nani alichangia na kiasi gani. Wafadhili watasema wanastahili faragha, na kwa anayechangia dola 50 nakubali. Anayetoa milioni 5 ili mtu apoteze kazi yuko kwenye shughuli ya umma, apende asipende. Kikwazo ni kwamba fedha hizi mara nyingi hupitia mifuko iliyosajiliwa kama taasisi binafsi, na sheria za kufungua nyaraka za serikali haziifikii kirahisi.

Aliyemrithi Harsin, Hugh Freeze, alifukuzwa Novemba 2025. Fidia ilikuwapo tena.