Kocha kando ya mkeka: aseme au anyamaze?

Katika judo ya kimataifa, kocha hukaa kwenye kiti chake na kufunga mdomo mpaka refa alisimamishe pambano. Hapo ndipo hupata sekunde chache za kusema lake. Akikaidi, anatolewa ukumbini. Ndondi, mchezo ambao Nakuru inaujua vizuri tangu enzi za Philip Waruinge, aliyetuletea shaba ya Olimpiki mwaka 1968 na fedha mwaka 1972, nayo inamtaka kocha angoje dakika moja ya mapumziko kati ya raundi. Lakini ingia kwenye mashindano ya miereka au jiu-jitsu, mchezo wa kukabana chini kwenye mkeka: ukumbi mzima ni kama soko la Kibuye siku ya Jumapili.

Mwalimu wa Kisumu anayempeleka kijana wake kushindana afuate desturi ipi?

Wenye kelele wana hoja, tena si ndogo. Kijana aliyelaliwa, uso umezibwa na kifua cha mwenzake, haoni saa wala ubao wa alama. Kwa kanuni za IBJJF, shirikisho la kimataifa la jiu-jitsu ya Kibrazili, kumwangusha mtu ni pointi 2, kuipita miguu yake 3, kumkalia kifuani au kumdhibiti mgongoni 4, na ni lazima umshikilie hapo sekunde 3 ndipo zihesabiwe. Pambano la watu wazima wa mkanda mweupe ni dakika 5. Ukiwa umetangulia kwa pointi 2 na zimebaki sekunde 20, tulia ulipo. Ukiwa nyuma kwa hizo 2, kutulia ndiko kushindwa. Mwili uko pale pale, uamuzi ni tofauti kabisa, na anayejua ni upi ni yule aliye nje. Miereka ya mtindo huru nayo ina mtego wake: anayeonekana hashambulii anaweza kupewa sekunde 30 apate pointi, la sivyo mpinzani anaongezewa 1. Kumwacha kijana gizani wakati saa hiyo inakimbia si kumlea, ni kumtelekeza.

Halafu kuna nauli. Mashindano yetu ni machache, na mzazi aliyejikamua mtoto afike Nakuru hana hamu ya kusikia kwamba kocha alinyamaza ili mtoto ajifunze mwenyewe.

Hata hivyo, mimi naegemea upande wa kimya, au karibu na kimya. Kwenye mkeka nafasi hufunguka na kufungika kabla sentensi haijaisha. Kocha aone, aseme, kijana asikie, aelewe, atende. Kufikia hapo mpinzani ameshahamisha kiuno. Na mpinzani naye ana masikio. Kuna makocha wa Kisumu wanaojiona wajanja kwa kupaza maelekezo kwa Dholuo, na kweli mbinu hiyo humchanganya kijana aliyekulia Nakuru. Ukikutana na Mluhya aliyelelewa Kondele, mtaa wa hapa Kisumu, umemtangazia siri yote. Isitoshe, klabu ya mjini haikosi Mkisii au Mkalenjin, ambaye siku hiyo anaachwa bila kocha.

Baya zaidi ni kijana kuzoea kungoja sauti. Utamwona: ameshika kola vizuri, mguu uko mahali pake, halafu anageuza macho kumtafuta mwalimu. Anaangushwa papo hapo. Mwalimu wa namna hiyo huwa amechoka kuliko mchezaji wake, na bado anashangaa.

Kwa hiyo sauti ya kocha, kwa maoni yangu, ni ya saa, pointi na hatari. Mbinu zilikuwa na miezi mizima ya mazoezi kufundishwa. Neno moja mlilolizoea, "kiuno!" au "kichwa juu!", hupenya kelele, hotuba haipenyi.

Kwenye hatari sina mizani ya kupima. Kijana mwenye kiburi amekunjwa kiwiko na hataki kugonga mkeka kukubali kushindwa. Au amepigwa ngeta: damu ya kwenda ubongoni ikizibwa sawasawa, fahamu hupotea katika sekunde zipatazo 10. Refa huenda amesimama upande usioonyesha uso wake. Kocha anayenyamaza kwa kuheshimu kanuni za ukimya hapo hana utetezi. Aombe pambano lisimamishwe, medali iende. Tatizo ni kwamba anayepaswa kuomba hivyo mara nyingi ndiye anayepaza "vumilia! vumilia!".

Kwa watoto ningependa waandaaji wa huku magharibi waazime kanuni ya judo hata kwenye miereka na jiu-jitsu: kocha aseme tu pambano likiwa limesimama, isipokuwa kwa usalama. Watu wazima waachiwe kelele zao. Najua pingamizi litakalokuja, na ni la haki: kocha ukimnyamazisha, sauti itakayobaki ukumbini ni ya wazazi, na hao hawajui hata pointi zinahesabiwaje. Itabidi viti vyao visogezwe mbali na mkeka, na sijaona mwandaaji mwenye ujasiri wa kumwambia mama wa mtoto arudi nyuma.