Nauli za ndege zinapanda: ukate tiketi sasa ama ungoje?

Mtu akisema anasafiri Desemba siku hizi lazima apewe ushauri wa aina mbili. Mmoja anamwambia kata tiketi leo, kesho itakuwa juu zaidi. Mwingine anamwambia tulia, siku zikikaribia mashirika huwa yanashusha bei kujaza viti. Wote wana hoja, lakini kwa sisi wa Nairobi kuna vitu viwili vinaachwa nje ya hiyo hesabu, viza na dola, na hivyo vinaweza kukumaliza kuliko hata nauli yenyewe.

Nianze na wa kukata mapema, kwa sababu hoja yao ina nguvu. Viti vya ekonomi vya ndege moja haviuzwi bei moja. Shirika linavigawa kwa mafungu, kila fungu na herufi yake na bei yake, lile la chini likiisha kompyuta inaenda kwa linalofuata, na ndio maana mwenye mmekaa naye bega kwa bega anaweza kuwa alilipa kidogo sana kuliko wewe. Na hii wengi hawaijui: mkiwa familia ya watu wanne na fungu la chini limebaki na viti vitatu, ukitafuta viti vinne pamoja wote wanne mnawekewa bei ya juu. Tafuta kiti kimoja kwanza, uone bei, halafu uongeze mmoja mmoja. Ukikuta bei imeruka kwa yule wa nne, unaweza kukata tatu kando na moja kando, ila hizo sasa ni bukingi mbili na ndege ikibadilishwa hakuna mtu atajua mko pamoja mpaka mseme.

Halafu kuna misimu. Mwanzo wa Januari viti vya kutoka JKIA kwenda Ulaya na Marekani vinagombaniwa sana kwa sababu watu wa diaspora waliokuja Krismasi wanarudi, na mwanafunzi anayeanza masomo Januari anajikuta anashindana nao. Julai na Agosti ni watalii wa Maasai Mara pamoja na likizo za Ulaya. Hiyo miezi kungoja kunalipa mara chache sana.

Na mafuta je? Mafuta huchukua karibu robo ya gharama za shirika la ndege, wakati mwingine hata theluthi, na tuliona 2022 Urusi ilipovamia Ukraine vile bei ya mafuta ilipanda na nauli zikafuata. Sasa watu wanadhani nauli ya ndege iko kama ya matatu, mvua ikikatika inarudi pale ilikuwa. Hairudi haraka hivyo. Mashirika mengi hununua sehemu ya mafuta kwa mikataba ya mapema, na kama ndege zinajaa hakuna sababu ya wao kukimbilia kushusha bei. Kwa hivyo mwenye anangoja mafuta yashuke ndio akate tiketi, hoja yake mimi naiona dhaifu.

Lakini sasa viza, na hapa nakubaliana kabisa na wa kungoja. Ombi la viza ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya, unaweza kulipeleka miezi 6 kabla ya safari, jibu kwa kawaida ni siku 15 lakini inaweza kufika 45, na hapo hujahesabu kungojea apointimenti. Ada tangu Juni 2024 ni yuro 90 na ukinyimwa hairudi. Balozi nyingi zenyewe zinasema usinunue tiketi kabla ya viza kutoka, peleka tu bukingi ambayo hujalipia. Mtu hana viza, amechanga pesa na chama mwaka mzima, halafu unamwambia akate tiketi ya bei rahisi isiyorudishwa kwa sababu bei zinapanda? Hapana, huo si ushauri mzuri hata kidogo. Akinyimwa viza mara nyingi kitu anaweza kudai ni ushuru tu, nauli imeenda.

Dola nayo inauma pande zote mbili. Mwanzo wa 2023 ilikuwa kama shilingi 123, mwisho wa mwaka huo ikawa karibu 157. Tiketi ya dola 1,000 iliongezeka zaidi ya shilingi elfu thelathini na shirika halijagusa nauli. Halafu Januari 2024 ikapita 160, na kufika katikati ya mwaka ilikuwa imeshuka karibu 130. Aliyengoja 2023 aliumia, aliyengoja 2024 alifaidika, na hakuna kati yao alijua. Usipangie safari yako hapo.

Kwa hivyo mimi naona hivi. Kama viza iko kwa pasipoti tayari, ama unaenda mahali huhitaji, na tarehe haziwezi kusonga, kata sasa. Kama tarehe zinaweza kusonga na unasafiri miezi mitulivu kama Februari ama Machi, ngojea ofa bila wasiwasi, maana kupitia Addis, Doha, Dubai na Istanbul ushindani upo. Na kama viza bado lakini lazima ukate, lipa zaidi upate tiketi ya kubadilisha tarehe ama kurudishiwa pesa, lakini soma masharti vizuri, kwa sababu kubadilisha bila ada haimaanishi hutalipa tofauti ya nauli siku hiyo, na hiyo tofauti ndio kubwa.

Kitu kingine kwa wanaotumia maajenti wa tao ama Eastleigh: bukingi sio tiketi. Ile code ya herufi na tarakimu sita inashikilia kiti tu, bei bado inaweza kubadilika mpaka tiketi itolewe, na tiketi ina namba ya tarakimu 13, ya Kenya Airways huanza na 706. Ukishatuma pesa kwa M-Pesa itishe hiyo namba siku hiyo hiyo, ingia kwa tovuti ya shirika uangalie jina limeandikwa vile liko kwa pasipoti, kwa sababu tiketi nyingi hazikubali kuhamishwa jina.